Namna ya Kupata Hataza ya Umbo Jipya la Chombo cha Majini: Mwongozo kwa Waundaji wa Vyombo wa Mtwara na Lindi

Mashua haina siri. Maji yakipwa pale Mikindani, Msanga Mkuu au Kilwa Kivinje, chombo hulala juu ya matope na mtu yeyote anaweza kukizunguka, kukigusa chini kwenye mkuku, kunyoosha utepe wa kupimia na kuondoka na vipimo vyake vyote kichwani. Injini inaweza kufichwa ndani ya kasha, na mchanganyiko wa rangi unaweza kubaki siri ya nyumba, lakini umbo la mwili wa chombo hukaa wazi tangu siku ya kwanza kinaposhushwa baharini. Kwa sababu hiyo, fundi aliyebuni umbo jipya lenye manufaa ana njia moja tu ya uhakika, nayo ni kulitaja kwa vipimo na kuliombea ulinzi kabla halijaonekana na watu. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo kwa mpangilio wake, na unakaa zaidi kwenye sehemu ambazo waombaji wengi hukwama, yaani kutambua kilicho kipya na kukiandika.

Hataza hulinda nini

Kwa Tanzania Bara, hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, husimamiwa na Sheria ya Hataza ya 1987, Sura ya 217, na msajili wake ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Uvumbuzi hupewa hataza ukiwa mpya, ukiwa na hatua ya uvumbuzi, na ukiwa unaweza kutumika katika uzalishaji. Upya hupimwa dhidi ya dunia nzima. Umbo ambalo halijawahi kuonekana Lindi, lakini lilichapishwa miaka 60 iliyopita huko Norwei, si jipya. Hatua ya uvumbuzi maana yake ni kwamba fundi mwenye ujuzi wa kawaida, akipewa yote yaliyokwishajulikana, asingefika hapo kwa urahisi. Kurefusha mashua kwa mita moja au kuinua kidogo omo, yaani sehemu yake ya mbele, ni mambo ambayo fundi yeyote mzuri angefanya mteja akimwomba, hivyo hayatoshi.

Ni muhimu kutofautisha utendaji na sura. Hataza hulinda namna umbo linavyofanya kazi, kwa mfano kupunguza ukinzani wa maji, kuzuia chombo kuchukuliwa upande na upepo wa kusi, au kukifanya kitulie wavuvi wanapovuta wavu upande mmoja. Sura inayopendeza macho, kama mkunjo wa ubavu au mchoro wa shetri, hulindwa kwa usajili wa usanifu wa viwandani, ambao ni njia nyingine yenye kanuni zake. Kati ya hizo mbili ipo modeli ya matumizi, ambayo ni kama hataza ndogo: uvumbuzi lazima uwe mpya na utumike, ila kiwango cha hatua ya uvumbuzi hakikazwi vilevile, na muda wa ulinzi ni mfupi zaidi. Kwa maoni yangu, maboresho mengi ya mashua na ngalawa yanayobuniwa katika mwambao wa kusini yanafaa zaidi modeli ya matumizi kuliko hataza kamili, na mwombaji hapaswi kuona unyonge kuichagua.

Nyamaza kwanza

Kabla ya maombi kupokelewa, usishushe chombo mbele ya watu, usikiuze, usitume picha zake kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi, na usikipeleke kwenye maonesho ya Nanenane pale Ngongo. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo kinaweza kuhesabiwa kuwa umelitangaza umbo lako kwa umma, na umbo lililotangazwa limepoteza upya wake hata kama aliyelitangaza ni wewe mwenyewe. Nchi kadhaa hutoa msamaha wa miezi michache kwa mvumbuzi aliyejitangazia, lakini msamaha huo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na anayeutegemea anaweza kujikuta amelindwa upande mmoja wa mpaka na kuachwa wazi upande wa pili.

Kesi inayoeleza hatari hii vizuri kuliko zote ilitokea Marekani. Kampuni ya Bonito Boats ya jimbo la Florida ilibuni mwaka 1976 mwili wa boti ya faiba na kuanza kuuza boti hizo bila kuomba hataza. Mwaka 1983 jimbo hilo lilitunga sheria ya kukataza watu kuchukua boti ya mwingine na kuitumia moja kwa moja kutengeneza kalibu ya kunakili. Bonito Boats iliishtaki Thunder Craft Boats kwa kutumia sheria hiyo, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1989 iliamua kwamba sheria ya jimbo ilikuwa batili. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba umbo lililokwisha kuwekwa sokoni bila hataza ni la wote, na jimbo haliwezi kulirudisha mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilitunga sheria maalumu ya kulinda usanifu wa miili ya vyombo kwa miaka 10 baada ya kusajiliwa, lakini sheria hiyo inatumika Marekani. Fundi wa Shangani hawezi kuitegemea.

Watu ambao ni lazima waone kazi yako kabla ya maombi, yaani mchongaji, fundi wa faiba, mchoraji na mkopeshaji, wasaini kwanza karatasi fupi ya kutunza siri, yenye tarehe, maelezo ya kinachofichwa na majina ya mashahidi wawili. Ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha mbele ya hakimu. Uwanja wa kazi nao uzungushiwe makuti au mabati, jambo ambalo si desturi yetu, kwa kuwa vyombo vimezoeleka kuundwa chini ya mwembe huku wazee wakitazama na kutoa maoni.

Tenganisha kipya na cha urithi

Mtumbwi, hori, ngalawa yenye mirengu na ndubi zake, dau, mashua na jahazi ni maumbo yaliyofikishwa kwetu na vizazi. Hakuna anayeweza kuyaombea hataza, na anayejaribu ataangushwa na picha moja ya zamani. Hata hivyo, umbo la urithi linaweza kubeba sehemu mpya, na sehemu hiyo ndiyo inayoombewa. Nathanael Herreshoff wa Marekani alipata hataza mwaka 1877 kwa chombo cha tanga chenye miili miwili, ilhali watu wa visiwa vya Pasifiki walikuwa wamesafiri kwa vyombo vya miili miwili kwa karne nyingi. Ubunifu wake ulikuwa katika viungo vilivyoiunganisha miili hiyo, ambavyo viliruhusu kila mwili kupanda na kushuka na wimbi bila kuuvunja mwenzake. Ukisimama mbele ya chombo chako, jiulize swali hilohilo: ukiondoa kila kitu ambacho babu yako angekitambua, kimebaki nini?

Kilichobaki sasa kitafutwe katika hazina za hataza zinazofunguliwa bila malipo kwenye intaneti. Patentscope ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya na Google Patents ndizo zinazotosha kuanzia. Kutafuta kwa maneno pekee hukosesha mengi, kwa sababu mvumbuzi mmoja huita kitu mfereji na mwingine hukiita handaki. Tumia alama za uainishaji wa kimataifa. Miili ya vyombo na tabia zake majini iko chini ya B63B 1/00. Umbo la sehemu ya omo ni B63B 1/06, la sehemu ya tezi, yaani ya nyuma, ni B63B 1/08, vyombo vyenye miili zaidi ya mmoja vimo B63B 1/10 na matawi yake, vyombo vinavyoinuliwa na mwendo juu ya maji vimo kuanzia B63B 1/16, na matumizi ya mapovu au tabaka la hewa chini ya chombo yamo B63B 1/38. Fungua michoro kwanza, kisha soma madai, yaani sentensi zinazotaja mipaka ya kinacholindwa, ya zile zinazokaribiana na yako. Kazi hii huchukua siku kadhaa za uvumilivu. Asiye na kompyuta au mtandao wa uhakika anaweza kuuliza ofisi ya SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ya mkoa wake, au vituo vya kusaidia teknolojia na ubunifu vinavyofanya kazi na BRELA na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH.

Ukikuta hataza ya zamani inayofanana kabisa na wazo lako, usikate tamaa mara moja. Angalia kama bado ina nguvu na kama iliombwa Tanzania. Ikiwa muda wake umekwisha, au haikuwahi kuombwa hapa, unaweza kuunda na kuuza chombo hicho nchini kwa uhuru, ingawa hutaweza kukiombea hataza.

Toa umbo kwenye jicho na uliweke kwenye karatasi

Mafundi wetu wengi huunda kwa jicho na kwa mkono, na chombo hutoka sawa pande zote mbili bila mchoro hata mmoja. Ujuzi huo ni mkubwa, lakini mkaguzi wa hataza anahitaji namba. Njia ya kuzipata ni hii. Weka chombo, au mfano wake mdogo, juu ya magogo mpaka pima maji ionyeshe usawa wa kulia na kushoto. Vuta uzi mmoja uliokaza juu ya mstari wa kati kutoka omo hadi tezi. Gawa urefu wa mstari wa maji katika sehemu 10 zilizo sawa, upate vituo 11, kisha katika kila kituo simamisha ubao wima kwa kutumia timazi. Kwenye ubao huo weka alama kila baada ya sentimita 10 kutoka chini ya mkuku kwenda juu, na katika kila alama pima umbali wa mlalo hadi kwenye ngozi ya chombo. Toa umbali huo kwenye umbali uliopo kati ya ubao na mstari wa kati. Kinachobaki ni nusu ya upana wa chombo mahali hapo. Pale ambapo umbo lako jipya linaanza na kuisha, usisubiri sentimita 10. Pima kila sentimita 2.

Namba hizo ziandikwe kwenye jedwali, kisha zichorwe katika sura tatu: chombo kikitazamwa kwa ubavu, kikitazamwa kutoka juu, na kikitazamwa kwa mbele kana kwamba kimekatwa vipande. Tumia ufito unaopinda vizuri kuunganisha nukta. Mahali ambapo ufito unakataa kupita, kuna kosa la kipimo au kuna nundu kwenye chombo, na yote mawili yafaa kujulikana mapema. Michoro ya maombi iwe ya mistari meusi tu, bila rangi, na kila sehemu ipewe namba itakayotajwa katika maelezo.

Baada ya hapo onyesha kwamba umbo linafanya kazi. Mwingereza William Froude, aliyejenga bwawa la majaribio Torquay na kuanza kulitumia mwaka 1872, alithibitisha kwamba mfano mdogo unaweza kutoa habari za chombo kikubwa, mradi kasi ipunguzwe kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa urefu, yaani kwa namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa uwiano huo. Tuseme mashua ina urefu wa mita 8, uzito wa tani 2 na mwendo wa mita 3 kwa sekunde. Mfano wa mita 1 uko chini mara 8. Mwendo wake utakuwa 3 ukigawanywa kwa 2.83, yaani takriban mita 1.06 kwa sekunde, na uzito wake utakuwa kilo 2,000 zikigawanywa kwa 512, yaani takriban kilo 3.9. Chonga mifano miwili yenye uzito huo, mmoja wa umbo la kawaida na mmoja wa umbo lako. Ifunge kwenye ncha mbili za fimbo iliyoshikwa katikati kabisa na kamba ya kuvutia, kisha ivute pamoja. Fimbo ikikaa mshazari, mfano uliobaki nyuma ndio wenye ukinzani mkubwa zaidi. Sogeza mahali pa kamba mpaka fimbo ikae sawa, na uwiano wa mikono miwili ya fimbo, ukiugeuza, utakupa uwiano wa ukinzani. Kipimo hiki hakifikii bwawa la chuo kikuu, lakini kinatoa namba ya kweli. Jaribio lifanyike kwenye bwawa la mtu binafsi au kisima kikubwa cha shambani, mbele ya waliosaini karatasi ya siri tu, kwa sababu kuvuta mfano huo mbele ya watu kwenye ghuba ya Mikindani ni kuutangaza.

Kuandika maombi

Maombi huwa na fomu ya maombi yenyewe, maelezo, madai, michoro na ikisiri. Maelezo yaeleze tatizo, yaliyokwishajulikana na upungufu wake, umbo jipya, na angalau mfano mmoja kamili ambao fundi mwingine angeweza kuufuata hadi akapata chombo hichohicho. Usifiche kipimo muhimu kwa kuhofia kuibiwa. Hataza hutolewa kwa sharti la kufundisha, na maelezo yaliyofichwa yanaweza kuiangusha.

Madai ndiyo mipaka ya shamba lako. Dai linalosema "mashua yenye kasi zaidi na utulivu zaidi" halina thamani, kwa kuwa linataja tamaa bila kutaja umbo. Chukua mfano wa kufikirika wa mashua yenye mkuku mfupi inayoweza kulala wima juu ya mchanga, ambayo chini yake kuna mifereji miwili ya kuzuia kuchukuliwa upande. Dai la kwanza lingeweza kuandikwa hivi: *Chombo cha majini chenye omo, tezi, mkuku na mbavu mbili, kinachotambulika kwa kuwa kila upande wa mkuku una mfereji mmoja unaoanza kati ya asilimia 35 na 45 ya urefu wa mstari wa maji kutoka omo, na ambao kina chake huongezeka bila kukatika kuelekea tezi hadi kufikia kati ya asilimia 4 na 7 ya upana mkubwa wa chombo.* Dai la pili lingeongeza umbo la kingo za mfereji, la tatu pembe yake na mkuku, na la nne aina ya chombo kinachobeba mifereji hiyo. Madai yanayofuata huwa ngome ya akiba: la kwanza likivunjwa kwa sababu ya hataza ya zamani, lililo jembamba zaidi linaweza kubaki.

Tumia asilimia na uwiano badala ya sentimita, la sivyo mwigaji ataunda mashua ya mita 9 na kusema yake si ile ya mita 8. Tumia pia vipimo vyenye nafasi kidogo kati ya cha chini na cha juu, lakini visizidi vile ulivyovijaribu. Hapa ndipo penye faida ya kumlipa wakala wa hataza, na kama fedha haitoshi kumlipa kwa kila kitu, mlipe kwa madai. Kaa naye mezani na mfano wa mbao mkononi, umweleze omo, fashini, taruma na tezi mpaka aelewe, kwa kuwa wakili asiyejua chombo anaweza kuandika Kiingereza kizuri kinacholinda kitu ambacho hukukibuni.

Mahali pa kupeleka na kalenda yake

Maombi ya nchi moja hupelekwa BRELA. Anayetaka nchi kadhaa za Afrika hupitia ARIPO, Shirika la Kanda ya Afrika la Miliki Ubunifu lenye makao Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982. Kwa ombi moja la Kiingereza unataja nchi unazozitaka, na Msumbiji, Kenya, Uganda na Malawi ni miongoni mwake. ARIPO hufanya uchunguzi wa kina, kisha kila nchi iliyotajwa hupewa miezi 6 ya kusema kama inakataa. Njia ya tatu ni Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1999. Mkataba huo hautoi hataza ya dunia, kwani hataza ya namna hiyo haipo, bali hukupa ripoti ya utafutaji na muda, kwa kawaida miezi 30 tangu tarehe ya ombi lako la kwanza, wa kuamua uingie nchi zipi. Waombaji kutoka nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, hupunguziwa asilimia 90 ya ada kadhaa za kimataifa za mkataba huo.

Tarehe ya kuizungushia duara jekundu ni ya miezi 12. Mkataba wa Paris, unaoifunga Tanzania pia, humpa aliyeomba hataza au modeli ya matumizi katika nchi moja miezi 12 ya kuomba katika nyingine huku akihesabiwa tarehe yake ya kwanza. Kwa usanifu wa viwandani ni miezi 6. Ukiomba BRELA leo, waweza kushusha chombo kesho, kukionyesha kwa wanunuzi wa Kilwa Masoko na Mtwara mjini, na kutumia mwaka huo kupima kama soko lipo kabla ya kulipia nchi nyingine. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya 2008 na msajili wake, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, kwa hiyo anayetarajia kuuza Unguja na Pemba aulize huko mapema.

Uamuzi wa kuomba au kutoomba utegemee namna unavyounda. Fundi wa mbao anayetoa mashua mbili kwa mwaka atapata shida kurudisha gharama. Mwenye kalibu ya faiba, ambaye boti yake inaweza kugeuzwa kalibu ya mwingine kwa wiki moja, ana sababu kubwa zaidi ya kuomba.

Umiliki, ada na wageni

Andikeni mapema nani ni mvumbuzi. Aliyetoa wazo la umbo ni mvumbuzi. Aliyepiga misumari kwa maelekezo si mvumbuzi, hata kama kazi yake ilikuwa ngumu zaidi. Mwajiriwa aliyebuni ndani ya kazi aliyoajiriwa huenda haki ikawa ya mwajiri, hivyo mkataba wa kazi uiseme habari hiyo waziwazi.

Hataza ya Tanzania hutolewa kwa miaka 10 tangu tarehe ya maombi, na huweza kuongezwa mara mbili kwa miaka mitano mitano, mmiliki akithibitisha kwamba uvumbuzi unatumika nchini. Hataza ya ARIPO huenda hadi miaka 20. Zote huishi kwa ada ya kila mwaka, na ada isiyolipwa huifuta hataza bila kesi wala barua ya kuaga. Asiyeweza kuunda vyombo vingi mwenyewe atoe leseni kwa mafundi wengine kwa malipo ya kila chombo, na mkataba huo usajiliwe.

Lipo jambo moja linalowahusu hasa wakazi wa karibu na Ruvuma. Mkataba wa Paris, katika kifungu cha 5 ter, unasema kwamba chombo cha nchi nyingine mwanachama kinachoingia majini kwetu kwa muda au kwa bahati mbaya hakivunji hataza kwa sababu tu mwili wake una umbo lililolindwa, mradi umbo hilo linatumika kwa mahitaji ya chombo chenyewe. Jahazi la Msumbiji likitia nanga Mtwara kushusha shehena na kuondoka, huwezi kulizuia. Lakini mtu akiunda chombo cha namna hiyo Msimbati, au akikileta kutoka nje ili akiuze hapa, unaweza kumfikisha mahakamani. Tunza picha zenye tarehe, vipimo vya chombo chake vilivyochukuliwa kwenye vituo vilevile 11, na risiti ya mauzo, kwa kuwa hakimu atalinganisha vipimo hivyo na maneno ya dai lako la kwanza.